Tabibu, Kidole na Stara ya Fukara

Saa moja ya asubuhi mlango wa zahanati haujafunguliwa, na tayari benchi la barazani limejaa. Wamo wanawake wa buibui wamepakata watoto, wamo wazee wa kofia na kikoi walioegemea bakora zao, na wamo vijana wa vibarua vya bandarini ambao usiku kucha wametetemeka kwa homa. Zamani mtu alikwenda zahanati na chupa yake tupu ya kutilia dawa ya maji, na daftari la shule la kuandikiwa maradhi yake. Daftari lingalipo. Chupa imekwenda zake, na mahali pake pamekuja kitambulisho na simu, kwa kuwa siku hizi kabla mtu hajaulizwa anaumwa na nini, huulizwa kwanza kama yumo katika SHA.

Mtaa wenyewe ni wa Mombasa, lakini sitautaja, wala zahanati sitaitaja, kwani walionisimulia haya ni waajiriwa na wana watoto wa kulisha.

Mpenzi msomaji, juu ya bima hii ya afya ya serikali mengi yamekwisha semwa. Wanasiasa wamesema, mahakama zimesema, na wananchi wamelalama hata sauti zikawakauka. Lakini kuna mtu mmoja ambaye ni nadra kuulizwa, naye ni yule akaaye katikati: tabibu na muuguzi wa mtaani, ambaye mkono mmoja umeshikwa na mgonjwa asiye na kitu, na mkono wa pili umeshikwa na mashine ya serikali. Huyo ndiye niliyekwenda kumsikiliza.

Pale zahanati wako watatu. Yuko tabibu, ambaye kwa cheo ni afisa wa kliniki lakini mtaani haitwi ila daktari. Yuko muuguzi, mama wa makamo, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita sista. Na yuko msichana wa kuandikisha, ambaye meza yake ndiyo ya kwanza ukiingia. Nikaketi pembeni nikatazama.

Akaingia nyanya mmoja apataye miaka sabini, leso moja kaifunga na moja kajitanda.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikumu ssalaam, nyanya. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya nyanya, lete kidole."

Gumba la kulia likakataliwa. Likaja la kushoto, nalo likakataliwa. Akaambiwa akaoshe mikono kwa sabuni, akaenda, akaosha, akarudi. Kioo cha mashine kikafutwa kwa kitambaa. Kikapakwa mafuta kidogo kidole cha shahada. Wapi! Nyuma yake safu inazidi kurefuka, mtoto mmoja analia, na kijana mmoja ameanza kusonya. Nyanya akavitazama vidole vyake kama aliyeonyeshwa kitu cha mtu mwingine, akamwambia yule msichana kwa sauti ya chini, "Vidole hivi vimesuka ukili tangu mimi mwari, mwanangu. Leo vimekuwa si vyangu?"

Na jawabu ndilo hilo hilo alilolitamka mwenyewe bila ya kujua. Mtu aliyesuka ukili na kushona makuti kwa miaka sitini, vidole vyake vimelika hata vikawa laini kama sabuni iliyotumika. Tabibu akaniambia si yeye peke yake. Wavuvi wavutao nyavu, wanawake wafuao nguo za watu, wachonga mawe wa timboni, wote hao mashine huwakataa, au huwakubali leo na kesho ikawakana. Hao ndio maskini wenyewe ambao bima iliwekwa kwa ajili yao. Karani wa benki, ambaye kazi yake ni karatasi, kidole chake husomeka mara moja tu.

Yule nyanya alitibiwa. Akapimwa presha, ikawa juu, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Lakini tabibu alinieleza jambo ambalo pengine wengi wetu hatulijui. Mashine isipomtambua mgonjwa, kwa hesabu za Nairobi mgonjwa huyo hakuja. Vidonge vimetoka kabatini, jasho la muuguzi limetoka, na zahanati haina pa kudai.

"Sasa mimi nifanye nini?" akaniuliza. "Nimrudishe nyumbani mama wa watu kwa sababu kidole chake kimechoka?"

Kwa haki ni lazima niseme kuwa mashine hii haikuletwa kwa ubaya. Mwanzoni uthibitisho ulifanywa kwa tarakimu zilizotumwa katika simu ya mgonjwa. Simu ikawa ni ya mjukuu, na mjukuu yuko kazini Changamwe, basi tarakimu zikenda huko. Ubaya mkubwa zaidi ukawa ni wizi: hospitali nyingine zilidai malipo ya wagonjwa ambao hawakulazwa wala hawakuumwa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ikasimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu wa namna hiyo, na ndipo ikahimizwa alama ya kidole. Tabibu wangu hakuwatetea wenzake. "Sisi pia tuna wezi," akasema, "na wezi wetu ndio waliomletea nyanya yule mashine."

BURE ISIYO BURE

Wazee wetu wameiona dunia hii ikigeuka mara nyingi. Mwaka 1965, nchi ikiwa changa katika uhuru wake, ada ya kutibiwa wagonjwa wa nje katika zahanati za serikali iliondolewa. Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa NHIF, bima ya hospitali, lakini hiyo ilikuwa ya watu wa mishahara. Mvuvi na mama muuza mahamri hawakuwamo mpaka mlango wa hiari ulipofunguliwa mwaka 1972. Desemba 1989 serikali ikaanzisha "kuchangia gharama", na maskini wakaanza tena kuhesabu senti mlangoni. Mwaka 2004 ada ikapunguzwa ikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya. Mwaka 2013 hata hizo zikafutwa, na uzazi katika hospitali za serikali ukawa bure.

Ikaja 2015, NHIF ikapandisha ada ya mwanachama wa hiari kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi, na ikaanza kulipia wagonjwa wa nje pia. Kisha 2023 zikapitishwa sheria mpya, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikawa imekwenda na SHA ikashika mahali pake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa hali yake, akapangiwa, na hapungukiwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Lakini yule wa mshahara hukatwa mwezi kwa mwezi, na huyu asiye na mshahara anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, yaani si chini ya shilingi 3,600. Mwenye kupata leo na kukosa kesho ndiye anayeambiwa alete ya mwaka! Hili mimi sijapata mtu wa kunieleza nikalielewa.

Ili wasije watu wakakwama, umewekwa mpango wa kukopeshwa na kulipa polepole. Hapa kwetu, aghalabu anayesikia neno mkopo huuliza kwanza habari ya riba, kisha hunyamaza na kwenda zake.

DAFTARI LA DENI

Kutoka zahanati nikaenda kwa daktari mmoja mzee, mwenye kliniki yake ndogo ya vyumba viwili katika Mji wa Kale. Huyu amewatibu watu tangu ujana wake, na wengine anaowatibu sasa ni wajukuu wa wagonjwa wake wa kwanza. Mezani pake pana mashine ya presha, Msahafu, na daftari jeusi lenye pembe zilizokatika. Nilidhani ni la hesabu. Kumbe ni la madeni.

Akanieleza. Zamani mgonjwa asiye na kitu hakusema "sina." Alisema, "Daktari, utaniandikia." Naye akaandika, na wote wawili walijua kuwa pengine deni halitalipwa, lakini neno "sina" halikutamkwa, na uso wa mtu haukuvunjika. Baadhi walilipa baada ya miezi. Mmoja alileta changu wawili wabichi asubuhi ya Idi. Wengi hawakulipa, na kila mwaka Ramadhani ikikaribia daktari hupiga mstari juu ya majina ya waliofariki na ya wale anaojua kuwa hawana mbele wala nyuma. Mwenye nacho ndiye aliyemchukua asiye nacho, bila ya yeyote kuambiwa.

Ilipokuja bima kulipia wagonjwa wa nje alifurahi, akajua daftari limepata kupumzika. Akajiandikisha. Sasa utaratibu wake ulikuwa hivi: mwanachama huchagua kliniki moja, na kliniki ile hupewa kiasi maalumu kwa kila kichwa kwa mwaka, aje mgonjwa au asije. Asiyekuja kabisa, fedha zake hubaki. Ajaye mara moja, sawa. Ajaye kila mwezi, kama mwenye sukari na presha pamoja, huyo hula kilichowekwa kwa ajili yake na cha wenzake watatu.

"Nitakwambia jambo la aibu," daktari akasema, akaondoa miwani. "Palikuwa na mama mmoja wa sukari, mtu mwema, hanikosi kila mwezi. Siku moja nilimwona mlangoni, na kabla sijamrudishia salamu, moyo wangu ulikwisha piga hesabu yake. Miaka yote ya daftari sikupata kumtazama mgonjwa kwa jicho lile."

Sikumwuliza zaidi, naye hakuongeza. Nimelitia hapa kwa idhini yake, kwa kuwa naona ndiyo kauli ya kweli kuliko zote nilizosikia katika safari hii. Bima ya serikali inamlipa tabibu kidogo, hilo kila mtu alijua. Kinachofichika ni kwamba humfanya mtu mwema aone maradhi ya jirani yake kama hasara yake.

Tena fedha zenyewe zilikuwa zikichelewa. NHIF ilipofungwa iliacha deni la mabilioni kwa mahospitali, na mwezi wa Machi 2025 serikali ikatangaza kuwa wanaodai chini ya shilingi milioni kumi watalipwa, na wanaodai zaidi ya hapo wahakikiwe kwanza. Kliniki ndogo haiwezi kumwambia muuza dawa wa jumla angoje uhakiki. Hospitali za binafsi katika sehemu nyingi za nchi zilifika kukataa kadi na kutaka fedha taslimu. Mzee wangu hakukataa mtu. Alilifungua tena lile daftari jeusi.

Nisije nikaonekana sioni ila ubaya. Huyo huyo daktari alinitajia majirani ambao figo zao zimekufa na leo wangali hai, kwa sababu NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kila waliposafishwa damu, mara mbili kwa wiki. Hesabu hiyo hakuna mvuvi awezaye kuibeba, wala daftari la daktari haliwezi. Kwa ugonjwa mzito bima imeokoa watu, na asemaye vinginevyo hajamwuguza mtu.

NYUMBA YA MAWE

Sasa turudi kwa sista, maana ndiye aliyenifungua macho katika jambo ambalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Anayejiandikisha bila mshahara huulizwa maswali ili ijulikane uwezo wake. Paa la nyumba ni la makuti, la mabati au la zege? Sakafu ni ya udongo au ya saruji? Maji mnateka wapi? Choo ni cha namna gani? Mnapikia nini? Wako watu wengi ndani? Kutokana na majibu hayo hesabu hufanywa na mtu akaambiwa alipe kiasi gani. Mara nyingi wa kumsaidia mgonjwa kuyajibu ni wale wahudumu wa afya wa mitaani, ambao serikali iliwapa mikoba na vifaa mwaka 2023, wapatao laki moja nchi nzima. Nao ni watu wa mtaani humo humo. Ni mke wa fulani, ni binti ya fulani. Asubuhi anakuuliza choo chako, jioni mnakutana arusini.

Nawe msomaji unajua desturi yetu. Mtu wa Pwani hufa na njaa yake ndani ya nyumba iliyofagiwa. Jiko halijawashwa tangu jana, na mgeni akipiga hodi huambiwa karibu, kwa uso mkunjufu. Hiyo ndiyo stara, na mtoto hufunzwa kabla hajafunzwa kusoma. Kisha leo mwanamke huyu anaketi mbele ya meza, watu nyuma yake wanasikia, akaulizwa choo chake. Sista anasema wengi hudanganya. Hawadanganyi ili wapunguziwe, kama wadhanivyo wakubwa huko juu. Hudanganya kwenda juu! Husema maji yako ndani na hayako, husema wanapikia gesi na mtungi uko mtupu tangu Mfunguo Tatu. Kisha wanapangiwa kiasi ambacho hawawezi kukilipa, na hawarudi.

Wako na wengine wasiodanganya, na ukweli wenyewe ukawasema vibaya. Sista alinipa mfano wa mjane mmoja. Anakaa katika nyumba ya mawe ya urithi, kuta zake mkono mzima kwa unene, mlango wa kuchonga, na nyumba ni wakfu wa ukoo, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Kwa kuta na dari, mjane yule ni tajiri. Kwa chakula, hula kwa anachopata katika kuuza viazi karai. Akapangiwa zaidi ya jirani yake mwenye nyumba ya udongo, ambaye ana watoto wawili Uarabuni wanaomletea fedha kila mwezi.

Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu amewataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, wala hawaombi watu kwa kung'ang'ania. Wanazuoni wetu hutufunza kuwa hao ndio wa kutafutwa. Sista, ambaye elimu yake ya dini ni ya chuoni tu, aliniambia kwamba kila akiketi na ile orodha ya maswali huikumbuka aya hiyo, kwa kuwa mashine ndiyo yule asiyewajua.

Ndipo akabuni njia yake. Mtu wa kujiandikisha hampeleki mezani. Humwita chumba cha sindano, akafunga mlango, akamwuliza kwanza habari za watoto, na maswali ya serikali akayachanganya ndani ya mazungumzo. Huchukua nusu saa kwa mtu mmoja. Nusu saa hiyo hailipwi na mtu, wala haimo katika fomu yoyote, kama isivyokuwamo robo saa anayoitumia tabibu kila Shaabani kumpangia mgonjwa wa sukari nyakati za dawa ili aweze kufunga, au kumkataza asifunge na kumridhisha kuwa hana dhambi. Waliopanga malipo hawakujua kuwa hiyo nayo ni kazi.

BARUA YA RUFAA

Nilimwuliza tabibu ni kazi gani ngumu kwake kuliko zote. Nilitaraji atasema ni uchache wa dawa, maana siku ile hata vidonge vya sukari vilikuwa vimebaki makopo mawili, au atasema ni mshahara. Akasema, "Kuandika barua ya rufaa."

Maana yake ni hii. Katika zahanati na kituo cha afya, kwa sheria hii mpya, mtu aliyejiandikisha tu hutibiwa bila kulipa, hata kama hajatoa ada yake ya mwaka, kwa kuwa huko gharama huchukuliwa na mfuko wa huduma za msingi unaotiwa fedha na serikali. Hili ni jema, na mwenye kuliweka ashukuriwe. Lakini maradhi yakizidi, mgonjwa akahitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa, hapo huulizwa kama ada ya mwaka imelipwa. Na waliojiandikisha ni mamilioni, waliolipa ni wachache mno kuliko hao.

Basi tabibu humwona kijana ana uvimbe, au mama ana damu isiyokatika, naye anajua kuwa dawa yake haiko kabatini kwake. Akachukua kalamu akaandika barua. Mgonjwa akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja akaitia katika daftari la shule. Baada ya miezi miwili akarudi, maradhi yamekua, na barua imo vile vile, haikufunguliwa. Aulizwapo husema alikuwa na safari, au mtoto alikuwa na mitihani. Hasemi hakuwa na 3,600. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tabibu anasema wagonjwa wake hawafichi maradhi, wanaficha mfuko, na kifo ni kile kile.

Wala tusidhani ni sisi peke yetu. Marekani, nchi ya mabilioni, wana bima yao ya maskini iitwayo Medicaid, iliyotiwa saini mwaka 1965. Huko nako wako madaktari wengi wasiompokea mgonjwa mpya wa kadi hiyo, kwa kuwa inawalipa pungufu kuliko bima nyingine na makaratasi yake ni mengi. Ndugu zetu waliohamia huko, wakipata kadi hiyo, hukutana na mlango ule ule.

ZAKA

Kuna wanaouliza kama bima yenyewe ni halali. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah Desemba 1985 liliikataa bima ya biashara yenye ada maalumu kwa sababu ya gharari, likaikubali ile ya kusaidiana. SHA ni chombo cha umma, hakigawi faida kwa wenye hisa, na masheikh niliowasikia wakilizungumza huelekea upande wa kusaidiana. Lakini fatwa ni ya wenye elimu, mimi si mmoja wao, na wagonjwa wa pale bencheni hawakuwa na nafasi ya mjadala huo.

Kilichowashughulisha sista na tabibu ni jambo jingine. Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia ada mafukara wapatao milioni 2.2 nchi nzima. Wangapi wa mtaa ule wamo, hawakujua. Mjane wa nyumba ya mawe, kwa kuta zake zile, hawakumtarajia kuwamo. Wakaenda kwa imamu wa msikiti wa jirani. Hawakwenda na orodha ya majina. Walikwenda na idadi: tunao watu kumi na moja wenye barua za rufaa zisizofunguliwa. Imamu hakuuliza ni nani. Aliuliza swali la fiqhi: je, zaka inaweza kulipa ada hii?

Wakakaa baada ya Alasiri pamoja na mwalimu mmoja wa chuo. Fukara ni wa kwanza kutajwa katika wale wanane wa Suratut Tawba, hilo halina shaka. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii fukara ni lazima amilikishwe zaka yake, itiwe mkononi mwake iwe mali yake. Kumlipia kwa siri huko SHA, yeye hajui, hakujawa kumilikisha. Mwalimu akasema apewe mwenyewe, na akitaka kulipa atalipa, na akiwa na haja kubwa zaidi ya hiyo, ni haki yake pia.

Tabibu alikiri kwamba hakupendezwa na uamuzi huo. Alitaka fedha ziende moja kwa moja katika bima, kwa kuchelea zisije zikaishia katika unga na kodi. Sista ndiye aliyefurahi. "Afadhali," alimwambia, "angalau safari hii hakuna wa kumwuliza choo chake."

Wenye kutoa zaka mtaani humo walitoa, wasijue inakwenda kwa nani. Watu kumi na moja walipewa, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja katika chumba cha sindano mlango umefungwa. Nilipoondoka tisa walikuwa wamelipa. Wawili hawakulipa, na tabibu hakuwauliza, ingawa nadhani ilimkereketa kooni.

Mjane wa nyumba ya mawe alikuwa katika wale tisa. Alikwenda mwenyewe kwa kijana wa M-Pesa aliye kando ya soko la samaki, akahesabu noti zake mbele ya watu, akasimama hapo hapo kungoja ujumbe. Ulipoingia alimpa kijana simu amsomee kwa sauti. Kijana akasoma kiasi, akasoma jina. Akamwambia asome tena.